Acha kupiga Enter mpaka ufike peji inayofuata

Kabla hujaniletea risechi yako nikutengenezee yaliyomo, fanya kitu kimoja: ifungue kwenye Word halafu bonyeza Ctrl+Shift+8. Vitatokea vialama vidogo vidogo ambavyo kawaida huvioni, nukta kila ulipogonga spesi, mshale kila ulipogonga Tab, na hiki ¶ kila ulipogonga Enter. Usiogope, havitoki kwenye printa. Sasa shuka mpaka mwisho wa chapta ya kwanza. Kama unaona ¶ zimejipanga foleni kwenda chini mpaka pale chapta ya pili inapoanza, basi wewe ni mmoja wa wale wanaonilipa hela ambayo wangekulia chipsi.

Mimi nipo steshenari karibu na chuo, nataipu, napanga, naprinti, nabaindi, na msimu wa kukusanya risechi ukifika ndo nauona ugonjwa wa kila mtu. Na ugonjwa kwa kweli ni mmoja tu, watu wanaipanga peji kwa macho. Word yenyewe haijui chapta yako inaanzia wapi, inachojua ni kwamba kuna mtu kagonga Enter mara nyingi. Ukiongeza paragrafu moja huko juu, zile Enter zote zinasogea na kichwa cha "SURA YA PILI" kinaangukia katikati ya peji, au kinabaki peke yake chini kabisa na maneno yake yako upande wa pili.

Halafu kuna ile ya kwako ilikuwa vizuri ila ukifika steshenari imevurugika, unaanza kutuangalia vibaya. Hatujagusa kitu ndugu yangu. Mara nyingi ni fonti. Word za siku hizi zinaanza na Aptos, za kuanzia 2007 zilikuwa zinaanza na Calibri, sasa ukija na Aptos yako kwenye kompyuta yenye Word 2010 ile fonti haipo, inachukuliwa nyingine, herufi zinakuwa pana au nyembamba kidogo, mistari inabadilika, na peji zote zinahama. Ungekuwa umetumia Ctrl+Enter kuanza peji mpya badala ya kuporomosha Enter, chapta ingebaki inaanza juu ya peji hata fonti ikibadilika. Vyuo vingi wanataka Times New Roman 12 na nafasi ya mistari 1.5, iweke tangu siku ya kwanza (hiyo 1.5 ni Ctrl+5), usisubiri siku ya kuprinti.

Sasa twende kwenye staili, maana hapa ndo penye kazi. Pale juu kwenye Home kuna viboksi vimeandikwa Normal, Heading 1, Heading 2. Watu wengi wanaviogopa kwa sababu moja tu, ukibofya Heading 1 kichwa kinageuka bluu, na supavaiza hataki bluu. Kwa hiyo wanakimbia, wanarudi kukoleza kwa mkono, Ctrl+B, kukuza herufi mpaka 14, kuweka katikati, kichwa kimoja baada ya kingine. Ila hiyo bluu unaiondoa mara moja tu: bofya kulia kwenye kile kiboksi cha Heading 1, chagua Modify, weka fonti yako, nyeusi, koleza, katikati, OK. Kuanzia hapo kila kichwa cha sura unasimama juu yake unabonyeza Ctrl+Alt+1, vichwa vidogo Ctrl+Alt+2, vidogo zaidi Ctrl+Alt+3. Supavaiza akisema vichwa vyote viwe saizi 13, unabadilisha sehemu moja na vyote vinafuata, hata kama viko themanini.

Na hapo ndo umeshaiambia Word kwamba hiki ni kichwa. Yaliyomo unayapata kwa References, Table of Contents, basi, imejiandika yenyewe na namba za peji. Ukiongeza maneno baadaye unabofya ndani ya yaliyomo unagonga F9, itakuuliza ubadilishe namba tu au orodha nzima, we chagua nzima. Kuna watu bado wanataipu yaliyomo kwa mkono na vile vinukta wanavigonga kimoja kimoja mpaka vifike kwenye namba, jamani! Kingine ambacho wengi hawajui, ukifungua Navigation Pane kwenye View unaviona vichwa vyako vyote pembeni, unaweza ukakikamata kimoja ukakiburuta juu au chini na maneno yake yote yanahama nacho. Kuhamisha sehemu nzima ya mapitio ya maandiko hakuhitaji kukopi na kupesti.

Orodha ya majedwali ni vilevile, tumia Insert Caption badala ya kutaipu "Jedwali 4.1" kwa mkono. Hapo sina mengi.

Namba za peji ndo zinaliza watu. Chuo kinataka kurasa za mwanzo ziwe i, ii, iii halafu sura ya kwanza ianze na 1, mtu anahangaika usiku kucha, akiweka 1 na huku mwanzo inakuwa 1, mwisho anagawa mafaili mawili. Dawa yake ni section break, ile inayoigawa dokumenti sehemu mbili, na siyo page break, yaani ile ya Ctrl+Enter. Simama kabla tu ya kichwa cha sura ya kwanza, nenda Layout, Breaks, shuka chini mpaka Next Page ile iliyopo upande wa Section Breaks. Sasa dokumenti yako ina sehemu mbili. Bofya mara mbili chini kabisa ya peji ya sura ya kwanza, utaona Link to Previous imewashwa, izime. Hiyo ndo kila mtu anaisahau, ikiwa imewashwa sehemu ya pili inaiga kila kitu cha sehemu ya kwanza. Ukishaizima nenda Format Page Numbers, weka 1, 2, 3 na Start at 1, kisha rudi sehemu ya mwanzo weka i, ii, iii. Kava isiwe na namba? Different First Page, imeisha. Jedwali lako pana linataka peji ya kulala? Section break kabla yake na nyingine baada yake, unailaza ile ya katikati peke yake.

Ila usifute section break hovyo ukidhani ni uchafu. Ile break ndo inabeba mpangilio wa maneno yaliyo JUU yake, kwa hiyo ukiifuta, maneno ya juu yanachukua mpangilio wa yale ya chini, na ghafla kurasa zako za i, ii, iii zote zimekuwa 1, 2, 3. Ikitokea Ctrl+Z haraka.

Watu wanaokopi kutoka PDF nao wana kesi yao. Ukipesti, mara nyingi kila mstari unakuja na ¶ yake mwishoni, kwa hiyo paragrafu moja inakuwa mistari mifupi iliyokatika katika. Usikae unafuta mmoja mmoja. Chagua kile kipande tu, siyo dokumenti nzima, bonyeza Ctrl+H, tafuta ^p^p (^p ndo Word inavyoiandika Enter) badilisha iwe @@@, halafu tafuta ^p badilisha iwe spesi moja, halafu @@@ irudishe iwe ^p. Paragrafu zimeungana. Kama PDF haikuacha mstari mtupu kati ya paragrafu hii haitasaidia, itaunganisha vyote viwe kimoja. Spesi mbili mbili nazo zinaondoka kwa Ctrl+H hiyohiyo. Na kipande kikija na rangi na fonti za kwao, kichague ubonyeze Ctrl+Space, zinavuka zote.

Kama unaandika kwa Kiswahili, dokumenti nzima inakuwa na mistari myekundu kama imechinjiwa kuku. Ctrl+A, kisha Review, Language, Set Proofing Language, chagua Kiswahili, hata kama kompyuta haina kamusi yake ule wekundu wa Kiingereza utaondoka. Ukiandika (a), (b), (c) ile ya tatu inageuka ©, gonga Ctrl+Z palepale inarudi. Na maneno yetu ni marefu, mtu akiandika "yanayowaunganisha" kwenye mstari ulionyooshwa pande zote mbili unapata mapengo makubwa katikati. Mimi binafsi naona kushoto tu panatosha, Ctrl+L, lakini chuo kikisema Ctrl+J ni Ctrl+J. Ukiona mstari mmoja mfupi umevutwa maneno matatu yanajaza peji, umegonga Shift+Enter mahali pa Enter.

Wenye LibreOffice, ile programu ya bure inayofanya kazi kama Word, mambo ni yaleyale, staili zipo F11. (Kuna wakati kulikuwa hadi na Jambo OpenOffice yenye menyu za Kiswahili, kazi ya mradi wa Kilinux na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2004. Nikiwatajia wateja wanadhani nawatania.)

Kuhusu masahihisho ya supavaiza, yale mekundu ya Track Changes, kuyaficha siyo kuyaondoa. Ukiweka No Markup unaona dokumenti safi kabisa, ila mwenzako akiifungua anaweza kukuta kila kitu, pamoja na ile komenti ya "umekopi wapi hii?". Weka All Markup, soma moja moja, kubali au kataa, futa komenti, halafu zima kwa Ctrl+Shift+E. Na ukiwa hapo pitia File, Info, uangalie jina la Author, kuna risechi nyingi zina jina la aliyekuachia template, lile faili la mfano ulilolijazia.

Ukimaliza gonga Ctrl+A kisha F9 namba zote zijisahihishe, sevu kama PDF, hiyo ndo unayoleta tuprinti, fonti zako zinakuja nayo. Ila na .docx ilete kwenye flashi. Ukikuta kosa la dakika ya mwisho turekebishe kwenye .docx tutoe PDF mpya, usije na PDF tu ukaniambia niigeuze iwe Word, hapo staili zako nyingi hazirudi na ile bei unaijua.