Msimlaze tu: maswali kuhusu mazoezi kwa mgonjwa wa saratani ya kongosho

Nafanya kazi ya mazoezi tiba hapa Mbeya. Ninaowapokea mara nyingi ni wagonjwa wanaosukumwa kwenye kiti cha magurudumu, ilhali miezi miwili tu iliyopita walikuwa wakipanda daladala wenyewe kutoka Uyole. Hawakuvunjika wala hawakupooza. Wamelazwa nyumbani kwa upendo hadi mapaja yakaisha.

Kongosho ni nini?
Ni tezi iliyo nyuma ya mfuko wa chakula. Hutoa insulini na vimeng'enya vya kusaga chakula. Saratani yake hukondesha haraka, na kinachokwisha si mafuta peke yake, ni misuli pia.

Akiwa kwenye dripu za saratani, si apumzike?
Usiku alale, mchana ajilaze kidogo. Kushinda kitandani, hapana.

Lakini mama anasema amechoka sana.
Namwamini. Uchovu huo ni wa kweli, ila hauondoki kwa kulala. Anayelala kutwa hupoteza misuli, kesho choo kinakuwa mbali, keshokutwa analetewa beseni kitandani. Mazoezi yanayopimwa kwa hali yake ni kati ya vitu vichache vilivyothibitika kupunguza uchovu wa saratani. Kwa hiyo narudia: msimlaze kutwa. Akiweza kunawa, anawe mwenyewe. Akiweza kushika kijiko, mwacheni ashike.

Mazoezi gani, na kwa nini asimamiwe?
Kabla hajaanza tunaangalia wingi wa damu, presha, sukari, na kama ugonjwa umefika kwenye mifupa. Hapo ndipo tunajua aanzie wapi. Mwongozo wa wataalamu wa kimataifa wa mwaka 2019 unalenga dakika 30 za kutembea au zoezi kama hilo mara 3 kwa wiki, na mazoezi ya misuli mara 2. Hilo ni lengo. Wengi wetu tunawaanzisha na dakika 5 uani, mahali tambarare, maana miinuko ya Mbeya inamchosha hata mzima. Mwendo uwe wa kumwezesha kuongea bila kukatika pumzi. Misuli tunaijenga kwa kuinuka na kukaa kwenye kiti, na kunyanyua chupa ya maji ya nusu lita.

Aliyepasuliwa tunamtembeza mapema wodini, naye anashikilia mto tumboni akikohoa. Ndoo za maji asibebe mpaka daktari amruhusu.

Asifanye mazoezi na njaa. Mayai, maharage, maziwa au dagaa vinajenga misuli hiyo. Kama ameandikiwa vidonge vya vimeng'enya, avimeze pamoja na chakula, si saa nzima baadaye. Mwenye kisukari apime sukari kwanza, kwa sababu mazoezi huishusha.

Siku gani asifanye?
Akiwa anatapika, anaharisha au ana kizunguzungu. Homa ikifika nyuzi 38, mazoezi yaachwe na aende hospitali muda huohuo, hata kama ni usiku wa manane. Kinga yake imeshushwa na dawa. Panadol na kusubiri asubuhi ni hatari.

Mguu mmoja umevimba na unauma. Tuukande?
Hapana. Msiukande, msiuchue, msiufunge kitambaa. Saratani ya kongosho ni miongoni mwa zinazogandisha damu zaidi mishipani, na kulala kutwa kunaongeza hatari hiyo. Bonge la damu likichomoka mguuni likafika kwenye mapafu, linaua. Nimeletewa miguu iliyochuliwa wiki nzima kwa dawa ya kuchua kwa sababu "ni uvimbe wa kulala". Mguu mmoja ukivimba, hospitali leo. Asisubiri siku ya kliniki. Na akibanwa pumzi ghafla au kifua kikimchoma, msianze kuulizana nyumbani, tafuteni gari.

Tunampeleka hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa basi. Itakuwaje?
Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 za kukaa. Mwambieni daktari wake mapema kuhusu safari, aone kama anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Ndani ya basi apandishe na kushusha visigino mara kwa mara, anywe maji. Gari likisimama kwa chakula Ruaha Mbuyuni, ashuke atembee, hata kwa kushikwa mkono, msimwachie kitini na chipsi. Mkifika, mvueni viatu na soksi mlinganishe miguu yote miwili. Ikitofautiana, daktari aone kabla hajatundikiwa dripu.