Si kila ukungu juu ya kaa ndio uliomuua

Mwaka 1997, kaa wa mikokoni walianza kufa kwa wingi kaskazini mashariki mwa Brazili. Wenyewe huwaita caranguejo-uçá. Kwa jina la kisayansi ni Ucides cordatus. Ni kaa wa kuchimba mashimo matopeni, na wapo watu wanaoishi kwa kutia mkono shimoni kuwatoa. Mgonjwa huzubaa: gando halina nguvu, miguu haimtii, na ukimgeuza chali hawezi kujipindua. Leo tunajua kuwa chanzo ni kuvu, lakini kuhusu jinsi ilivyojulikana, mengi yanayosemwa si sahihi.

Dhana: Kaa wakifa ghafla kwa maelfu, hiyo ni sumu.
Kushuku sumu si ujinga. Ila sumu ikimwagika majini, kwa kawaida haimchagui mmoja. Samaki na kamba nao huonja. Hapa waliokuwa wakiteketea ni kaa wa spishi moja, na vifo vilizidi kusogea kusini mwaka hadi mwaka. Mwendo huo unafanana zaidi na maambukizi.

Dhana: Kaa aliyekufa akiwa na ukungu ni ushahidi tosha.
Huu ndio mtego mkubwa. Matope ya mikokoni yamejaa kuvu na bakteria wanaosubiri mzoga. Ukiokota kaa aliyekufa jana, utaotesha maabara kila kitu isipokuwa, pengine, kile kilichomuua. Anayefaa ni yule anayekufa lakini bado hajafa.

Gamba lake hufutwa kwa alikoholi, kisha sindano safi huchomwa kwenye kiungo cha mguu, pale palipo laini, na damu kuvutwa. Vipande vya moyo na vya matamvua huchukuliwa pia. Sampuli hupandwa kwenye sahani ya agari, yaani utelezi wa kuoteshea vijidudu, yenye dawa ya kuzuia bakteria, halafu mtu anangoja. Ukungu wa kawaida hutanda upesi na kufunika sahani. Kuvu za ugonjwa huu, ambazo ni nyeusi na hukua kama hamira, hujivuta kwa siku nyingi hadi kitone cheusi kionekane. Asiye na subira huandika jina la ukungu uliowahi kumea.

Nyama ya kaa yuleyule hukatwa vipande vyembamba sana, hutiwa rangi, hutazamwa kwa hadubini. Kuvu ikikutwa imejikita ndani ya moyo na mishipa ya fahamu, kuzubaa kule kunaeleweka.

Dhana: Kinachoonekana kama kuvu ni kuvu.
Lagenidium, inayoshambulia mayai ya kaa, ina nyuzi kama za kuvu, lakini kiukoo iko karibu zaidi na mwani wa kahawia. Hata kuvu halisi nyeusi hufanana mno kwa macho, ndiyo maana hulinganishwa kwa vinasaba.

Dhana: Vinasaba vikishaipa kuvu jina, kesi imefungwa.
Vinasaba husema ni nani aliyekuwamo, si nani aliyeua. Kwa hilo hurudiwa masharti ya Robert Koch, daktari Mjerumani wa karne ya 19: itenge kuvu, ipandikize kwa kaa wazima, waugue vilevile, kisha uipate tena ndani yao. Kaa wengine hudungwa maji ya chumvi matupu, maana hata sindano peke yake inaweza kumdhuru kaa. Kwa ugonjwa huu, matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa 2011, miaka kumi na minne baada ya vifo vya kwanza.

Dhana: Exophiala cancerae ni kuvu ya saratani.
Hapana. Ndiyo jina la kuvu iliyothibitishwa, nalo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kaa. Wala haikuwa peke yake: kuvu nyingine nyeusi, Fonsecaea brasiliensis, nayo ilikutwa ndani ya kaa wenye ugonjwa huohuo.