Baada ya tukio, nani anamwangalia mhudumu?

Wiki mbili zimepita tangu tufukue miili kwenye maporomoko ya ardhi. Silali, nashtuka ovyo. Je, naumwa?

Si lazima. Wiki za mwanzo, usingizi kupotea, hasira za ghafla na picha za tukio kujirudia kichwani ni mwili kuitikia hatari. Wengi hupata nafuu wakipumzika na kuwa karibu na watu wao. Hali ikipita mwezi bila kupungua, au ukianza kunywa pombe ili ulale, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenye kitengo cha afya ya akili. Kwa walio Kampala, ipo Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Ukiwaza kujiua, usisubiri hata kesho.

Tukutane usiku uleule, kila mtu asimulie alichokiona?

Msilazimishane. Shirika la Afya Duniani halishauri kikao cha namna hiyo, kwa kuwa hakizuii kiwewe na kinaweza kumzidishia mtu maumivu. Kutaneni mle chakula, mpange zamu, mjue nani hana usafiri wa kurudi nyumbani. Anayetaka kusema, asikilizwe.

Mimi ni dereva wa ambulensi, si mshauri nasaha. Nitamsaidiaje mwenzangu?

Mwangalie, msikilize, muunganishe na msaada. "Ndugu yangu, tangu juzi naona huli. Kuna nini?" Kisha nyamaza. Usimwambie wengine wamepatwa na makubwa zaidi. Akihitaji mtaalamu, mpeleke wewe mwenyewe.

Na kiongozi wa zamu?

Hapa ndipo mengi huharibika. Kiongozi anayesema "vumilieni, ndiyo kazi" huwafundisha watu kuficha. Mwaka 2000, Ebola ilipowaua wauguzi wa hospitali ya Lacor, Gulu, kaskazini mwa Uganda, na wenzao wakataka kuondoka, mganga mkuu wao, Dkt. Matthew Lukwiya, alikaa nao akawasikiliza, naye akaendelea kuhudumia wagonjwa wodini. Alifariki kwa ugonjwa huo tarehe 5 Desemba. Tunamheshimu sana, na kwa heshima hiyohiyo nasema: asiachiwe mtu yeyote kubeba kiasi hicho tena. Katika mlipuko wa Ebola wa 2022 nchini Uganda, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 walikufa. Hofu yao ilikuwa na sababu, na haitulizwi kwa hotuba ikiwa mavazi ya kujikinga hayapo.

Kwa hiyo anza na vifaa, maji na chakula. Wapange wawiliwawili. Aliyebeba miili leo, kesho mpe kazi ya redio au stoo. Waeleze ukweli, hata ukiwa mchungu. Nawe pumzika zamu yako ikiisha, maana usipoondoka, hakuna atakayethubutu kuondoka.

Nikikiri nimelemewa, si nitaandikwa vibaya?

Hofu hiyo ni ya kweli katika vituo vingi. Kiongozi atangaze mapema kwamba anayeomba msaada hatapunguziwa cheo wala mshahara, kisha alitimize hilo kwa mtu wa kwanza atakayejitokeza. Mwenzako naye atunze siri yako, isipokuwa uhai wako au wa mwingine uko hatarini; hapo atafute msaada mara moja, na akuambie kwamba anafanya hivyo.