Je, wajua kwa nini antivirasi iliyokwisha muda haitoki kwa kufuta folda yake?

Ami yangu alikuja na laptopu kwapani baada ya sala ya alasiri, tukaketi barazani kwetu Langoni. "Hini imekuwa nzito muno, mwanangu," akaniambia. "Naona ni munyu wa bahari."

Si dhana mbaya kwa mtu wa Lamu. Upepo wa bahari hula bawaba za madirisha, hula misumari, hula feni na redio. Lakini nilipoiwasha ile laptopu na kungoja mpaka itulie, nilikuta mzigo wa namna nyingine. Ndani mlikuwa na antivirasi mbili, yaani programu za kuikinga kompyuta na virusi. Ya kwanza ilitoka nayo dukani, ya majaribio, na muda wake ulikwisha zamani. Ya pili alitiliwa na kijana wa saiba, nayo ilikuwa haijapokea sasisho lolote kwa miaka mitatu. Kila asubuhi zote mbili zilikuwa zikiamka pamoja, zikikagua faili zilezile, na kumtandazia ami maonyo mekundu ya kumtaka alipe.

Alishajaribu kuiondoa ile ya kwanza mwenyewe. Aliitafuta folda yake, akaichagua, akabonyeza kufuta. Kompyuta ikamjibu kwamba hana ruhusa. "Mali yangu, nimeinunua kwa pesa zangu," akasema, "vipi niambiwe sina ruhusa?"

Swali lake lina jibu, na ukilielewa utajua pia namna ya kuitoa hiyo programu bila kuharibu kitu.

Programu ya kawaida, mathalani ya kuandikia barua, hukaa kwenye folda yake na kulala mpaka uiite. Antivirasi haiwezi kufanya kazi hivyo. Inatakiwa ilione kila faili kabla halijafunguka, na kila kinachotoka kwenye mtandao kabla hakijakufikia. Kwa hiyo huingizwa kwenye kerneli, yaani kile kiini cha Windows kinachotawala diski, kumbukumbu na mtandao. Huko huweka draiva zake, yaani programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya kerneli, na kila ombi la kufungua faili hupita kwanza mikononi mwake.

Fundi wa majahazi pale Matondoni angeelewa upesi. Kalafati haipakwi juu ya mbao. Ni pamba iliyolowa mafuta, hugongomewa baina ya ubao na ubao mpaka isionekane tena, na hapo ndipo huzuia maji. Ile folda aliyoiona ami ni sawa na uzi mmoja uliochungulia nje ya ufa. Pamba yenyewe iko ndani.

Kuna na jambo la pili, nalo limefanywa makusudi. Kirusi kilichotungwa na mtu mjuzi, kikishaingia, kitu cha kwanza kinachotaka ni kuiua antivirasi. Watengenezaji wanalijua hilo, wakaipa kinga ya kujilinda: hairuhusu faili zake zifutwe wala huduma zake, yaani sehemu zake zinazofanya kazi chinichini, zisimamishwe. Microsoft nao wakawasaidia. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, antivirasi inaweza kuwa na draiva inayopakiwa mapema mashine inapowaka, kabla ya draiva nyingine nyingi. Windows 8.1 ikaongeza ulinzi unaofanya huduma ya antivirasi isiweze kuzimwa hata na mwenye akaunti ya msimamizi.

Basi kompyuta haikumkatalia ami kwa kuwa haimtambui kama mwenye mali. Haimwoni kabisa. Inachokiona ni amri ya kufuta iliyotoka kwenye akaunti yake, na kirusi kikiingia hutoa amri hiyohiyo kwa akaunti hiyohiyo. Haina njia ya kuwatofautisha, kwa hiyo inawakatalia wote.

Ukitaka kupima kina cha programu hizi, kumbuka tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho moja lenye kasoro kwa programu yake ya ulinzi, na kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft, zikaanguka na kubaki na skrini ya buluu. Viwanja vya ndege na hospitali vilikwama. Faili moja tu lenye kasoro lilitosha, kwa sababu lilisomwa ndani ya kerneli, na kerneli ikianguka hakuna kinachobaki kimesimama.

Wako wanaosema: kama haidhuru, iache ikae. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu inadhuru. Mwaka 2016, mtafiti Tavis Ormandy wa kundi la Project Zero la Google alionyesha kasoro kubwa katika bidhaa za Symantec na Norton. Sehemu iliyokuwa ikifungua na kukagua mafaili ilikosea, na kwenye Windows ilikuwa ikifanya kazi hiyo ndani ya kerneli. Mshambulizi alihitaji kukutumia barua pepe tu, bila wewe kuifungua, kwa kuwa antivirasi yenyewe ndiyo iliyoifungua ili iikague. Symantec walitoa marekebisho. Lakini fikiria kompyuta ambayo antivirasi yake haipokei tena marekebisho: kasoro ya namna hiyo ikigunduliwa leo, itabaki wazi humo daima. Kalafati iliyooza bado iko ndani ya ufa, lakini maji inayapisha.

Mwaka 2018 ukaja mfano mwingine. Mwezi Januari, dunia ilipopata habari za kasoro za Meltdown na Spectre zilizomo ndani ya vichakataji, Microsoft walitoa sasisho la dharura. Ikaonekana kwamba baadhi ya antivirasi zilikuwa zikiingia kwenye kumbukumbu ya kerneli kwa njia zisizoruhusiwa, na kompyuta zenye antivirasi hizo zingeanguka zikipewa sasisho. Microsoft wakaweka sharti: antivirasi iache alama fulani kwenye rejista ya Windows, daftari lake la mipangilio, kuonyesha kuwa inapatana na sasisho hilo. Isiyokuwa na alama, kompyuta yake haikupewa masasisho ya usalama. Kwa miezi ile, antivirasi ya zamani ilikuwa ndiyo inayoizuia kompyuta isilindwe.

Na mbili kwa pamoja ni balaa zaidi. Wahenga wa pwani walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Faili likifunguliwa, ya kwanza inalishika kulikagua, ya pili inaona faili limeguswa nayo inalishika, na wewe unangoja. Uzito wa laptopu ya ami ulitoka hapo.

Sasa tuje kwenye kuitoa. Kazi huanza kabla ya kugusa kitufe chochote cha kuondoa, na hapa nakuomba usiwe na haraka, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza vitu. Antivirasi nyingi za kulipia huja na vikorokoro vyake: hifadhi ya manenosiri, kabati la siri la kufungia mafaili, pengine hata sehemu ya kuwekea nakala. Ukiiondoa programu kabla ya kuvitoa vilivyomo, unaweza usivifungue tena. Ami alikuwa ameweka humo nenosiri la barua pepe yake, naye hakumbuki lini. Tuliyatoa manenosiri yote, tukayaandika kwenye daftari. Kisha tukanakili picha na hati zake kwenye diski ya nje. Angalia pia karantini, pale antivirasi inapofungia mafaili iliyoyashuku. Usirudishe kitu ila uwe na yakini nacho.

Kama Windows yako imefunga diski kwa BitLocker au usimbaji wa kifaa, yaani imeigeuza isisomeke bila ufunguo, tafuta kwanza ufunguo wa kurejesha, ule wenye tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ukibadilisha namna kompyuta inavyowaka, inaweza kukuuliza ufunguo huo, na bila huo hufungui.

Halafu jua una Windows gani. Kwenye Windows 10 na 11, Microsoft Defender imo tayari, na antivirasi ya nje ikitoka yenyewe hushika zamu. Maadamu ile ya nje inaiambia Windows kuwa iko hai, Defender hukaa kando. Windows 7 si hivyo. Defender yake haikuwa antivirasi kamili, ilikuwa ikishughulika na programu za ujasusi tu, na Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Ukiondoa antivirasi humo bila kuwa na badala yake mkononi, unabaki mtupu. Mashine kama hiyo ni bora isitumiwe tena kwa benki wala barua pepe.

Kampuni nyingi kubwa za antivirasi zina kifaa maalumu, yaani programu ndogo, cha kuing'oa bidhaa yao. Avast wana Avast Clear, McAfee wana MCPR, ESET na Bitdefender nao wana vya kwao. Kipakue mapema, ungali na mtandao na bando, tena kutoka kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si kwenye tangazo la juu la matokeo ya utafutaji. Matapeli wanajua vizuri kwamba mtu anayetafuta kifaa hicho yuko tayari kukipa ruhusa zote. Ukimaliza kupakua, chaji betri ijae, umeme usije ukakatika katikati ya kazi, kisha ukate waifai.

Anza na njia ya kawaida. Ingia ndani ya antivirasi, uzime ile kinga ya kujilinda kama ina kitufe chake. Kisha fungua mipangilio ya Windows, sehemu ya programu, uichague na uiondoe kutoka huko. Kiondoaji chake ndicho kinachojua draiva ziko wapi, huduma ziko wapi, na alama zipi ziliandikwa kwenye rejista. Kikikuuliza kama ubakishe mipangilio, katalia.

Kisha kitakuambia uiwashe kompyuta upya, na hapa pana mtego ambao wengi hawaujui. Draiva iliyo kazini haiwezi kufutwa. Windows huandika orodha ya vitu vya kufuta, ikaifanyia kazi mashine inapowaka tena. Lakini tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida si kuzima kikamilifu: mashine nyingi huhifadhi hali ya kerneli kwenye diski ili ziwake upesi. Ukizima usiku na kuwasha asubuhi, kerneli ni ileile ya jana, na draiva nazo ni zilezile. Chagua kuwasha upya, si kuzima. Ami angezima na kufunika, kama afanyavyo kila siku, na kesho yake angenipigia simu kwamba kitu bado kiko palepale.

Ile ya saiba ilitoka kwa njia hiyo bila taabu. Ya dukani ilikwama, kwa kuwa ami alishafuta baadhi ya mafaili yake na kiondoaji hakikuweza kusimama. Hapo ndipo tulipokihitaji kile kifaa maalumu, pamoja na hali salama.

Chombo hakikalafatiwi kikielea. Husubiriwa maji ya bamvua, kikasogezwa pwani, maji yakapwa, kikabaki kimekaa mchangani kimeegemea magogo; ndipo fundi akachokoa pamba iliyooza. Hali salama ni pwani ya kompyuta. Windows huwaka na draiva chache tu za lazima, na sehemu kubwa ya antivirasi huwa haijapanda. Shikilia kitufe cha Shift huku ukichagua kuwasha upya, fuata menyu ya utatuzi, chaguo za kina, mipangilio ya kuwaka, na mashine ikishawaka tena bonyeza 4. Endesha kile kifaa, kisha uwashe upya kwa kawaida. Usianzie huku moja kwa moja, maana viondoaji vingi vya kawaida hutegemea huduma ya Windows ambayo haifanyi kazi katika hali salama.

Baada ya hayo ikiwa mtandao umekufa, usishtuke. Antivirasi ilikuwa imejiunga kwenye mnyororo ambao mawasiliano hupitia, na pingili yake ikitolewa vibaya mnyororo hukatika. Kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows 10 na 11 mna sehemu ya kuuweka upya. Itumie, kisha uandike tena nenosiri la waifai. Kivinjari nacho kikianza kulalamika kuhusu vyeti vya usalama, huenda antivirasi imeacha cheti iliyokuwa ikikitumia kusoma mawasiliano yaliyofungwa. Hicho nacho kiondolewe.

Bado kuhakiki. Fungua Usalama wa Windows, uone kwamba jina la ile ya zamani halipo tena na Defender imewashwa. Rudisha mtandao, iache ipate masasisho. Mwenye bando dogo anaweza kupakua faili la masasisho hayo saiba kwenye tovuti ya Microsoft, akalileta kwa flashi.

Na kama unataka kuiona ikifanya kazi kwa macho yako, liko faili la majaribio liitwalo EICAR. Si kirusi, ni mstari wa herufi 68 ambao watengenezaji wa antivirasi wamekubaliana kuukamata kana kwamba ni kirusi. Tuliupakua kwenye laptopu ya ami. Haukudumu hata sekunde chache kwenye diski. Defender ikaukamata na kutoa taarifa. Ami akasogea karibu na skrini, akasoma neno kwa neno, akaniuliza kama sasa anaweza kurudi kwenye hesabu zake. Nikamwambia aiache kwanza ifanye ukaguzi kamili, tukanywa kahawa mpaka magharibi.