Nyeusi si kali: makosa ya kahawa yanayorudiwa kila siku

"Nipe ile nyeusi kabisa, nataka kahawa kali." Anayeuza kahawa husikia maneno haya asubuhi hadi jioni, na karibu kila lalamiko linalorudi baadaye lina mizizi humo: kahawa imetoka chungu mno, imetoka chachu, imepooza, haifukuzi usingizi. Kwa hiyo tuanzie hapo, na tukae hapo kwa muda.

Tatizo la kwanza ni neno lenyewe. "Kali" yetu inabeba mambo matatu yasiyotegemeana. Kuna kahawa nzito, yaani unga mwingi kwa maji machache. Kuna kahawa chungu. Na kuna kahawa yenye kafeini nyingi. Mtu anapotaka moja kati ya hayo, hunyoosha kidole kwenye punje nyeusi, yaani zilizokaangwa sana, akidhani amepata yote matatu.

Uzito hutokana na kipimo. Gramu 15 za unga kwa mililita 250 za maji zitatoa kikombe kizito kuliko gramu 12 kwa maji yaleyale, uwe umenunua punje za rangi ya mdalasini au za rangi ya mkaa. Ukiona kikombe ni chepesi, ongeza unga. Kubadilisha rangi ya punje ili kupata uzito ni kuhangaika bure.

Kafeini nayo haipotei kikaangoni kwa kiasi cha kuhisi mdomoni wala kichwani. Kinachopungua ni uzito wa punje. Chukua gramu 100 za buni mbichi ya Arabica yenye takribani gramu 1.2 za kafeini. Ikikaangwa kidogo hubaki gramu 87 au 88; ikikaangwa sana hubaki 80 hivi, maana maji yamekauka na sehemu ya punje imeondoka kama moshi na gesi. Kafeini ni ileile. Ukipima kwa mzani, nyeusi inazidi kidogo sana. Ukipima kwa kijiko, iliyokaangwa kidogo ndiyo inazidi, kwa sababu punje nyeusi zimevimba na kijiko kinabeba chache. Tofauti zote mbili ni ndogo. Anayetafuta kafeini kwa dhati aulize aina ya mmea: Robusta ina kafeini karibu maradufu ya Arabica, hata ikiwa na rangi nyepesi.

Uchungu ndio pekee unaofuata rangi. Buni mbichi ina asidi za klorojeniki. Moto unapoendelea, asidi hizo huvunjika kuwa viambato vya uchungu wa kadiri, kisha kuwa vingine vyenye uchungu mkavu unaong'ang'ania kooni baada ya kumeza. Ulimi unapokea uchungu huo, na kichwa kinautafsiri kuwa nguvu. Hakuna ubaya kuupenda. Ubaya ni kuununua ukidhani ni kafeini.

Kosa hili lina mtoto, na mtoto ana madhara kuliko mzazi. Mtu anashawishika siku moja kununua kahawa iliyokaangwa kidogo. Anaipika vilevile alivyozoea kupika ile nyeusi: kijiko kilekile, usagaji uleule, maji ya joto lilelile. Inatoka chachu na nyembamba. Anahitimisha kwamba punje ni mbovu, au hazikuiva, na anarudi kwenye nyeusi akiwa na ushahidi mkononi. Punje hazina kosa. Zimepikwa kwa kanuni ya kahawa nyingine.

Chukua punje moja ya kila aina uzivunje kwa meno. Ile nyeusi inapasuka kama biskuti kavu. Ile ya kahawia inakataa, kisha inakatika vipande vigumu. Ndani ya kikaango, punje hulia mara ya kwanza kwenye nyuzi 196 hadi 205 za Selsiasi hivi, mvuke unapoipasua. Kahawa iliyokaangwa kidogo hutolewa muda mfupi baada ya hapo. Iliyokaangwa sana huachwa mpaka mlio wa pili, karibu nyuzi 225, au kuupita, na kwa wakati huo kuta za ndani zimevunjikavunjika na punje imejaa matundu. Maji yanaingia na kutoka bila kizuizi. Kwenye punje ngumu, maji yanapaswa kufanya kazi: yawe ya moto zaidi, yakutane na unga laini zaidi, na yapewe muda mrefu zaidi. Asidi huwahi kutoka, utamu hufuata, uchungu huja mwishoni. Ukikatisha mapema kwenye punje ngumu, unabaki na asidi peke yake. Ukichelewa kwenye punje laini, uchungu unafunika kila kitu.

Kwa anayechuja kwa koni na karatasi, nambari za kuanzia ni hizi. Kahawa iliyokaangwa kidogo: gramu 20 kwa gramu 320 za maji, yaani sehemu 1 kwa 16, na ukienda mpaka 17 hutapotea. Saga unga uwe kama chumvi laini ya mezani. Maji yatoke moja kwa moja kwenye birika linalochemka. Lowesha unga wote kwa gramu 50 hadi 60 za maji, subiri sekunde 45, kisha mimina yaliyobaki kwa awamu mbili au tatu. Maji yawe yamemaliza kushuka kati ya dakika 3 na dakika 3 na nusu.

Iliyokaangwa sana: gramu 20 kwa gramu 280 hadi 300. Usagaji uwe wa chengachenga, kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Maji nyuzi 85 hadi 88. Huna kipimajoto? Hamisha maji yaliyochemka kwenye birika jingine baridi kabla ya kumimina. Yatashuka nyuzi 5 hadi 10 kulingana na chombo, kisha yaache yapoe kidogo zaidi. Loweshea gramu 40, subiri sekunde 30, na malizia ndani ya dakika 2 na nusu. Ya wastani iweke katikati: nyuzi 92 hivi, sehemu 1 kwa 16, dakika 3.

Wenye birika la kioo la kubonyeza waache kahawa nyeusi dakika 4, na ile nyepesi, yaani iliyokaangwa kidogo, waisage laini kidogo kuliko mazoea na kuiacha dakika 6 hadi 8. Wenye mashine ya espreso wanaweza kutoa gramu 36 za kinywaji kutoka gramu 18 za unga mweusi, lakini kwa unga mwepesi wasogee mpaka gramu 45 au 50, na joto lipande kufikia nyuzi 94 au 95. Anayechemsha kwenye sufuria aipue nyeusi mara tu povu linapopanda. Ile nyepesi aipue, aifunike, na kuiacha itulie dakika 2 au 3 zaidi kabla ya kuchuja.

Nambari ni pa kuanzia. Marekebisho hufanywa kwa mdomo, na hapa ndipo "kali" inapowatesa tena watu, maana wanaitumia kwa uchachu na kwa uchungu, wakati dawa za magonjwa hayo mawili zinapingana. Uchachu hukusanya mate mara kahawa inapogusa ulimi. Uchungu huja baadaye na kubaki. Kikombe kikiwa kichachu, saga laini zaidi hatua moja, au pandisha joto. Kikiwa kichungu, au kikiacha ukakasi unaokausha mdomo, saga chenga kubwa zaidi, au shusha joto. Badilisha kitu kimoja kwa kikombe kimoja. Anayebadilisha usagaji, joto na kipimo kwa pamoja hatajua kilichomsaidia. Na kikombe kikiwa kichachu na kichungu kwa wakati mmoja, tazama unga wako: kisagio cha visu vinavyozunguka hutoa vumbi na mawe pamoja, vumbi linaleta uchungu na mawe yanaleta uchachu. Kisagio cha meno, hata kile cha kuzungusha kwa mkono, ndicho kinachomaliza tatizo hilo.

Kabla ya kisagio, lakini, nunua mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja. Kabla ya mashine yoyote inayong'aa, mzani. Kijiko kimoja cha punje nyepesi na kijiko kimoja cha punje nyeusi havina uzito sawa, na hakuna jicho linaloweza kulisahihisha hilo asubuhi kabla ya kahawa.

Makosa yaliyobaki hayahitaji maelezo marefu.

"Punje zinazong'aa mafuta ndizo mpya." Mafuta hujitokeza juu kwa sababu punje imekaangwa sana na kuta zake zimepasuka, au kwa sababu imekaa muda mrefu. Yakishafika juu hukutana na hewa na kuanza kuchacha kwa mafuta. Punje ya wastani inayong'aa ni ya kutiliwa shaka. Nyeusi inayong'aa inaweza kuwa nzuri, ila inunue kidogo, imalize upesi, na ukisafishe kisagio mara nyingi zaidi, maana mafuta hayo huganda kwenye meno.

"Maji yanayochemka huunguza kahawa." Punje imetoka kwenye moto wa zaidi ya nyuzi 200. Maji ya nyuzi 100 hayana la kuunguza hapo, na yakigusa unga na chombo baridi hushuka papo hapo. Maji ya moto sana hutoa vitu vingi kwa haraka. Kwenye kahawa nyeusi hilo linaleta uchungu, kwenye nyepesi ndilo tunalolitafuta. Onyo hili lina maana kwa wanywaji wa kahawa nyeusi, lakini si sheria ya kila mtu.

"Ichemke sana ndipo itoe nguvu." Kafeini huyeyuka mapema kwenye maji ya moto. Dakika 10 za ziada jikoni zinaongeza uchungu na kupoteza harufu.

"Iliyotoka kikaangoni leo ndiyo tamu kuliko zote." Kahawa iliyokaangwa leo imejaa kaboni dayoksaidi. Ukiimwagia maji inafura povu, gesi inayasukuma maji pembeni, na kikombe kinatoka na ladha isiyotulia. Nyeusi ina matundu, hutoa gesi upesi: ipe siku 4 hadi 7. Nyepesi ipe siku 7 hadi 14, hasa kwa espreso. Baada ya hapo hesabu wiki 4 hivi za ubora, mfuko ukiwa umefungwa vizuri. Tafuta tarehe ya kukaangwa kwenye mfuko. Tarehe ya mwisho wa matumizi inakuambia kwamba kahawa haitakudhuru. Kuhusu ladha yake, tarehe hiyo haikuambii lolote. Mfuko usio na tarehe ya kukaangwa uache ulipo.

"Kahawa ikae kwenye jokofu." Huko ina unyevu, ina harufu za vyakula, na kila ukiitoa umande unaifunika. Weka kabatini, mbali na jiko na mwanga. Friza ni jambo tofauti kabisa: ukigawanya punje katika vifuko visivyopitisha hewa, kila kimoja cha matumizi ya siku chache, zitatunzika kwa miezi. Kitoe kimoja, kiache kifike joto la chumba kikiwa bado kimefungwa, halafu ukifungue. Usikirudishe.

"AA ndiyo ladha bora." AA ni ukubwa wa punje uliopimwa kwa chekecheke. Punje zinazolingana hukaangika sawasawa, na hiyo ni faida halisi, lakini chekecheke halionji.

"Wameongeza ladha ya matunda." Mfuko ukiandikwa machungwa au chokoleti, kwa kawaida ni maelezo ya mwonjaji kuhusu kinachokumbusha ladha hiyo. Kahawa iliyotiwa manukato hutajwa hivyo kwenye viambato.

"Kuna punje za espreso." Espreso ni njia ya kupika. Punje yoyote inapita humo, mradi urekebishe usagaji, joto na kipimo.

"Maji safi kabisa, hata ya kutoneshwa, ndiyo bora." Maji yasiyo na madini yoyote hutoa kahawa butu au chachu ya ajabu, kwa kuwa kalisi na magnesi husaidia kuvuta ladha kutoka kwenye unga. Maji yenye chokaa nyingi nayo huua asidi, na kahawa nyepesi inakuwa kama imezimwa. Kama birika lako linajenga ukoko mweupe ndani ya wiki chache, chuja maji kabla ya kulaumu punje.

"Safisha kisagio kwa mchele." Punje za mchele mkavu ni ngumu kuliko kahawa na zinaweza kuisumbua mota, huku wanga wake ukibaki kwenye pembe. Chomoa umeme, fungua meno, yapige brashi kavu, futa mafuta kwa kitambaa kikavu, rudisha. Maji yasiguse meno ya chuma. Kabla ya kikombe cha kwanza, saga gramu 3 au 4 za punje uzitupe, hasa unapohama kutoka nyeusi kwenda nyepesi.