Mshahara ghafi sio ile hela inayoingia benki

Juzi nimemsindikiza dada yangu ustawi wa jamii kwa ishu ya matunzo ya mtoto, mbele yetu kuna baba kaulizwa mshahara wake ghafi, akafungua simu akasoma meseji ya benki: "427,000". Hakuwa anadanganya, aliamini kabisa ndo ghafi yenyewe, na si wa kwanza kumsikia.

Mshahara ghafi ni jumla ya anachokulipa mwajiri kabla hakijakatwa hata shilingi: mshahara wa msingi, posho ya nyumba, ya usafiri, ovataimu kama ipo. Basi.

Neno lenyewe linajieleza jamani. Tunasema malighafi, tunasema mafuta ghafi, yaani kitu hakijapita kiwandani. Pamba ghafi bado ina mbegu zake. Sasa hela iliyofika benki imeshachambuliwa mbegu zote, inakuwaje ghafi? Na wengine wanakosea upande mwingine, wanataja mshahara wa msingi tu, posho wanaziacha, wakati nazo ni humohumo.

Mi naandaa mishahara kazini kwa hiyo hizi slipu naziona kila mwezi. Chukua mtu wa msingi 800,000, posho ya nyumba 150,000, usafiri 50,000. Ghafi ni 1,000,000. NSSF, yaani mfuko wa pensheni, inachukua 100,000, kodi 103,000, inabaki 797,000. Halafu chini kabisa kuna mkopo wa benki 310,000 na SACCOS 60,000, ndo anaondoka na 427,000.

Hapo ndo pananiuma. NSSF na kodi hukuchagua, sheria inakata. Ila mkopo ulisaini mwenyewe na hela yake ukaipokea, ukanunua pikipiki au ukapaua nyumba, huwezi ukauweka fungu moja na kodi halafu useme kipato changu ndo hiki. Mkopo ni kweli unabana, utaje, ila utaje kama mkopo.

Na hii ya kwenye matunzo ya mtoto, "sheria inasema asilimia 20 ya mshahara", sijui watu wanaitoa wapi. Uingereza wana asilimia zao na wanaanzia kwenye ghafi, Texas kule Marekani wanaanzia kwenye kinachobaki baada ya kodi, ila hapa Tanzania sheria yetu ya Mtoto ya 2009 haijaweka asilimia yoyote. Kifungu cha 44 kinaitaka mahakama iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine unaowalea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Kwa hiyo hata ile bodaboda uliyompa kijana akuletee hesabu inaingia, ingawa kwenye slipu haipo.

Ukiulizwa ghafi, ndugu yangu, soma ule mstari wa jumla kabla ya makato, kisha uwape na slipu nzima wajionee wenyewe kilichokatwa na kwa nini. Ile ya kwenye meseji inaitwa mshahara wa mkononi.