Von der Ahe hakuwa muuza bia aliyebahatika tu

Wengi humsimulia Chris von der Ahe, mhamiaji wa Kijerumani aliyemiliki timu ya besiboli ya St. Louis Browns, kama mwenye baa asiyeujua mchezo, aliyeokotewa mafanikio na wengine. Simulizi hiyo inamdhulumu. Alikuwa na duka na baa karibu na uwanja, na aliona kwa macho yake jinsi wateja walivyofurika siku za mechi. Ligi ya Taifa (National League), ligi kuu ya besiboli Marekani wakati huo, ilitoza kiingilio cha senti 50, ikakataza bia na michezo ya Jumapili, siku ambayo kibarua alipumzika. Mwaka 1882, katika ligi mpya ya American Association, von der Ahe alifungua lango kwa senti 25, Jumapili, bia ikiuzwa. Ni kweli kwamba ufundi wa uwanjani ulikuwa wa Charles Comiskey, mchezaji na meneja wa timu, lakini aliyemkabidhi uongozi ni von der Ahe, na timu ikatwaa ubingwa mara nne mfululizo, 1885 hadi 1888. Madeni yalimpokonya timu mwishoni mwa muongo uliofuata. Timu yenyewe ingali hai, ikiitwa St. Louis Cardinals.